Siku Tulipoitoa Drezini Makumbushoni

Walipofungua nyumba ya makumbusho ya reli pale Kindu, treni ilikuwa haijaingia mjini kwa muda mrefu, hata majani yalikuwa yameota katikati ya mataruma na mbuzi wakilisha hapo bila wasiwasi. Mafuta ya injini hayakuwapo. Daraja la barabara ya kusini lilikuwa limekwenda na maji. Masuwa, zile meli za mtoni, zilikuja zilipotaka. Tulikuwa tumefungiwa mjini kama mchele kwenye gunia. Lakini wakubwa wa Chama walikuwa wameamua tuwe na makumbusho, na amri ilipotoka, walimu wote tulitakiwa kufika na wanafunzi wetu, tumevaa vizuri, tuimbe.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Siku hiyo moyo wangu haukuwa kwenye wimbo. Mdogo wangu wa kike alikuwa hospitalini tangu jana yake, uchungu umemshika na mtoto hatoki. Tulikuwa tumebaki sisi wawili tu katika nyumba ya mama yetu marehemu. Mume wake alikuwa kwenye machimbo huko Pangi, wala hakuwa na habari. Daktari wa hospitali alikuwa amepanda ndege kwenda Kisangani kutafuta dawa, na ndege ya kumrudisha hakuna aliyejua itakuja lini. Asubuhi nilimwacha mdogo wangu ameshika chuma cha kitanda. Akaniambia, "Yaya, usikawie." Ndivyo alivyoniita tangu utotoni, dada yake mkubwa.

Nikamjibu kwamba nitaimba, nitasalimia bendera, nitarudi. Mwalimu aliyekosa sherehe ya Chama aliitwa kujieleza, na wako walioitwa hivyo ambao hawakuonekana tena shuleni.

Makumbusho yenyewe yalikuwa banda la zamani la kutengenezea injini, nyuma ya stesheni. Watu wa mtaani waliliita mize, kwa Kifaransa chao. Liliwekwa chokaa mpya, na rangi ilikuwa bado mbichi kiasi kwamba watoto wangu walitoka na mikono myeupe. Katikati palisimama injini ya kuni, ile iliyovuta mabehewa enzi za Wabelgiji, imepakwa rangi nyeusi na magurudumu mekundu. Nyuma yake kulikuwa na behewa la wazungu, viti vya ngozi, meza zenye tundu la kusimamishia chupa. Ukutani walitundika taa za ishara, kengele, koleo la kutoboa tiketi, na picha. Katika picha wazungu wamekaa mbele na kofia zao za jua, na nyuma yao mistari ya wanaume weusi wamesimama na majembe. Chini yaliandikwa majina ya wale waliokaa.

Wastaafu wa reli nao waliletwa wawe sehemu ya maonyesho. Kila mmoja alisimama karibu na kitu alichokitumia zamani, asiseme mpaka aulizwe. Mzee mmoja, jirani yetu, ambaye alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa watu wa kutengeneza njia, aliwekwa kando ya drezini. Ni kigari kidogo kilicho bapa kama meza, chenye magurudumu ya chuma na mti katikati. Watu hushika mti huo pande mbili, huyu anapandisha, yule anashusha, na kigari kinakwenda juu ya reli.

Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa kwanza akaniuliza, "Mwalimu, treni inalia namna gani?"

Yule mzee akaweka viganja mdomoni akalia kama treni, sauti ndefu inayopanda na kuzama, na watoto wakacheka. Nilikuwa bado natazama wanavyocheka nilipomwona mkunga wa hospitali amesimama mlangoni na vazi lake la kazi. Alikuwa amekuja mbio kwa miguu. Niliacha watoto.

"Mwalimu," akasema, "mutoto amelala vibaya. Mukono njo imetoka kwanza. Nilijaribu kumugeuza, nimeshindwa."

"Sasa tufanye nini?"

"Inatakiwa kumupasua, na mimi si munganga wa kisu. Kuko masista ku misioni, kule njia ya Kibombo, kando ya reli. Mumoja wao anajua kupasua. Mwingine simwoni."

"Tutafika kule na nini, mama?"

Alitazama injini, akatazama behewa, kisha akaangalia chini. "Nilikuja kukuambia ukweli," akasema. "Usije ukasema nilikuficha. Mpaka jua kuzama hawezi."

Nilisimama pale nimezungukwa na vyombo vya safari, na hakuna hata kimoja cha kunisafirisha. Nje ngoma zilikuwa zimeanza. Wanawake wa ngoma za Chama, wamevaa vikwembe, yaani vitenge, vyenye sura ya Kiongozi, walikuwa wanapiga duara wakimsifu. Nilimfikiria mama, ambaye kabla ya kufa alinishika kifundo cha mkono akaniambia mdogo wako ni wako. Nikaitazama ile drezini. Magurudumu yake yalikuwa yanang'aa mafuta, na reli iliyokuwa chini yake ilitoka nje ya banda ikaenda kuungana na njia kubwa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Komisere, mkuu wa serikali pale mjini. Alikuwa mtu mnene mwenye abakosti ya kijivu, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, anaongozwa kutoka kitu hadi kitu, na wakubwa wengine nyuma yake. Nilipiga goti mbele yake. Watu wakanyamaza, wakidhani ni sehemu ya sherehe.

"Sitwayeni Komisere," nikasema, nikimwita raia kama Chama kilivyotaka, "mudogo wangu anakufa hospitali. Ninaomba ile drezini imufikishe misioni. Leo leo tutairudisha."

Alicheka kidogo, akitazama wenzake ajue kama ni mzaha. Kisha akaona uso wangu.

"Mama mwalimu, simama. Hii ni mali ya taifa. Vitu vya hapa vimepumzika, havifanyi tena kazi."

"Vinaweza kufanya, Sitwayeni."

"Nitaitisha redio, tutaomba ndege."

"Lini?"

"Kesho asubuhi ofisi itafunguliwa."

"Kesho atakuwa maiti, yeye na mutoto."

Hapo alikunja uso. Alisema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba kama kila mwenye mgonjwa angechukua kipande cha makumbusho, wageni wangekuta kuta tupu. Wakubwa wakatikisa vichwa kumkubalia. Wakahamia kwenye behewa la wazungu, wakakaa kwenye viti vya ngozi, na bia zikaletwa.

Nilibaki nimepiga goti. Sikuweza kulia. Ni yule mzee kapita aliyekuja kuniinua kwa kiwiko.

"Binti yangu," akaninong'oneza, "magurudumu tuliyatia mafuta juzi. Tulifikiri wakubwa watataka kupanda, wapigwe picha. Inatembea. Mulete mugonjwa pale njia inapokata barabara ya soko."

"Papa, watakufunga."

"Nenda."

Alikwenda kwa wenzake wawili, mmoja aliyesimama na taa za ishara na mwingine aliyesimama kando ya kengele. Sikusikia walichosema. Niliona tu wanashika drezini na kuisukuma kuelekea mlangoni. Kijana wa Chama aliyelinda mlango aliwazuia. Mzee akamwambia bila kusita, "Tunaipeleka nje, Komisere aone namna inatembea." Kijana alitazama ndani, akasikia vicheko na chupa, akawafungulia.

Mimi na mkunga tulikimbia. Hospitali haikuwa na gari wala machela nzima. Lakini tulipopita kwenye ngoma, mkunga, ambaye alikuwa amewazalisha wengi wa wale wanawake, aliita kwa nguvu, "Bamama, muzazi anakufa, mukuje!" Duara likavunjika. Walikuja na jasho lao na vikwembe vyao vya Chama, wakamwinua mdogo wangu pamoja na godoro, wakambeba mabegani hadi njiani. Alikuwa anapiga kelele kila hatua. Nyuma yetu ngoma zililia peke yake kidogo, kisha zikanyamaza.

Wazee walikuwa wamefika na drezini. Tulimlaza juu ya mbao, kichwa chake kwenye mapaja yangu, mkunga miguuni pake. Wazee wawili wakashika mti upande mmoja, na wa tatu upande wa pili, akasema, "Kwa jina la Mungu." Tukaanza kuondoka Kindu.

Sijapata kusafiri safari kama ile, na sitaki tena. Majani yalikuwa marefu juu ya njia, yanatupiga usoni, na magurudumu yalikuwa yanayakata na kuteleza kwenye maji yake. Kila panapounganika reli na reli, drezini iligonga, na kila ilipogonga mdogo wangu aliuma kikwembe changu. Wazee walipumua kwa vifua vyao vyote. Watu wa vijijini walitoka majumbani waliposikia chuma kinalia, wakifikiri treni imerudi. Wengine walipiga makofi, kisha wakaona kilichobebwa, mikono ikashuka.

"Yaya, tuko wapi?"

"Tumekaribia."

"Unanidanganya."

"Ninakudanganya, lakini tutafika."

Jua lilikuwa limeanza kuinama tulipokuta njia imezibwa. Treni ya mizigo ilikuwa imesimama mbele yetu, ndefu, haina hata moshi. Ilikuwa imeishiwa mafuta safarini kuja kwetu, na watu wake walikuwa wanaishi pale. Wamefunga turubai kati ya mabehewa, wamepanga mafiga, nguo zinakauka juu ya milango, kuku wanatembea chini ya magurudumu. Wengi walikuwa wafanyabiashara wa kutoka Kivu Kaskazini, walioshuka na mali yao hadi kusini na sasa wanarudi, wakaozea njiani pamoja na maharagwe yao yaliyokosa wanunuzi.

Mzee kapita aliacha mti, akakaa juu ya taruma. Nilimwona kwa mara ya kwanza jinsi alivyo mzee. "Mwisho njo hapa," akasema. "Sisi watatu hatuwezi kuibeba."

Nilipiga kelele. Hata leo siwezi kusema ni maneno gani, ila nilikuwa namwita mama yangu, na namtukana Mungu, na naita watu. Kutoka kwenye behewa la kwanza alishuka mwanamke mmoja mkubwa wa mwili, msalaba shingoni, mikono imejaa unga. Alitazama godoro, akatazama mimi.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu jana."

Hakuuliza lingine. Aligeuka akaita wanaume kwa majina, mmoja baada ya mwingine, kwa lugha ya kwao, na waliochelewa akawaita mara ya pili kwa sauti ambayo ilinifanya hata mimi nisimame. Walikuja wengi. Walimshusha mdogo wangu, wakambeba juu ya godoro pembeni ya treni, kwenye mteremko wa mawe ambao mtu mzima peke yake angeteleza. Wengine walinyanyua drezini ilivyo, wakatembea nayo behewa kwa behewa, wanasimama, wanaweka chini, wanalaani, wananyanyua tena. Mvua ikaanza. Treni ile nilifikiri haina mwisho.

Walipoiweka tena kwenye reli upande wa mbele, yule mwanamke wa Kivu alipanda bila kuombwa, na vijana wawili wa nguvu akawaambia wachukue mti ili wazee wapumzike. Alikaa nyuma ya mdogo wangu akamwegemeza kifuani, akatandaza turubai juu yetu. Alimwimbia kitu cha kanisani, polepole. Sikujua maneno. Mdogo wangu alitulia, na kutulia kwake kukaniogopesha kuliko kelele.

Mkunga naye aliona. Alitoa kile kibomba cha mti cha kusikilizia tumbo, akakiweka, akainama. Akakihamisha. Akasikiliza tena, upande huu, upande ule, juu, chini, mvua inampiga mgongoni. Alisikiliza muda mrefu sana. Kisha akakipangusa kwa vazi lake, akakirudisha mfukoni, wala hakunitazama.

"Mama," nikasema.

"Tumuombee yule mukubwa, muzazi," akajibu.

Tulifika misioni wakati wa magharibi. Masista walitoka na taa na mwamvuli. Yule wa kisu alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, Kiswahili chake cha polepole. Alimpapasa mdogo wangu pale pale juu ya drezini, akasema, "Ndani, haraka." Mlango ukafungwa. Mimi nilibaki barazani na maji yananichuruzika, na wale wazee wamelala chini kwenye saruji kama watu waliopigwa.

Mdogo wangu aliishi. Mtoto alikuwa wa kike, ameshakufa kabla hatujafika. Sista aliniambia kwamba kizazi nacho kilikuwa kimepasuka na ilibidi akitoe. Alisema kwa upole, lakini aliyasema yote mara moja, nami nilitamani angegawa.

Mtoto alizikwa kulipopambazuka, nyuma ya nyumba ya wagonjwa. Mimi sikuweza kutoka, kwa sababu mdogo wangu alikuwa amenishika mkono katika usingizi wake wa dawa. Mzee kapita ndiye aliyechimba na ndiye aliyemlaza. Alipomaliza alikuja mlangoni. Aliniaga, akasema drezini ni kitu cha watu, wanairudisha, na mama wa Kivu na vijana wake watarudi nao hadi kwenye treni. Nikamwambia asirudi nayo, aiache, akae kwanza kwa ndugu zake Kibombo. Alikataa. "Nikikimbia, nimeiba," akasema.

Mdogo wangu alipoamka alipapasa tumbo lake. Nilikuwa nimepanga maneno. Hakuniuliza. Aligeuza uso ukutani, akabaki hivyo, na chakula cha masista nilikuwa nakirudisha kama kilivyoletwa. Siku moja tu aliniambia, akiwa bado ameugeukia ukuta, "Ungeniacha, yaya. Ungeniacha nitangulie naye." Nilimpiga. Kofi moja begani. Kisha tukalia wote wawili mpaka sista akaja kuuliza kama jeraha limefunguka.

Tulirudi Kindu na treni ile ile ya mizigo, walipopata mafuta; watu wa misioni walimbeba mdogo wangu kwa machela hadi pale ilipokuwa imesimama. Yule mwanamke wa Kivu alitupa nafasi juu ya magunia yake. Mjini nilikuta habari niliyoiogopa. Wazee watatu walikuwa wamekamatwa siku ile ile waliyorudisha drezini, na walikuwa ndani ya kasho, chumba kimoja kisicho na dirisha nyuma ya ofisi ya Chama. Kosa lao lilikuwa kuiba mali ya taifa na kuharibu sherehe. Mimi niliitwa nikaambiwa nimehamishiwa shule ya Lokandu, na nishukuru kwamba ni hilo tu.

Nilikwenda kwa Komisere mara ya pili. Nilimwambia anifunge mimi. Hakukasirika. Alionekana mtu aliyechoka.

"Walinipita mbele ya macho yangu," akasema. "Nikiwaachilia, kesho nani ataniogopa?"

"Watu wanaweza kukupenda, Sitwayeni."

Aliniangalia kana kwamba nimesema neno la kigeni. Akanionyesha mlango.

Kilichowatoa hakikuwa machozi yangu. Ilitangazwa kwamba mgeni mkubwa zaidi anakuja kutoka mji mkuu, na ngoma ziandaliwe. Siku ya kwanza ya mazoezi, hakuna mwanamke aliyefika. Waliotumwa kuwaita majumbani walimkuta huyu amelala, ana homa. Yule pia ana homa. Mwingine anapika sombe, majani ya muhogo, mbele ya mlango wake akasema ana homa tangu jana, ni vile tu watoto lazima wale. Mji mzima wa wacheza ngoma uliugua pamoja. Hawakutoa dai, hawakutaja mzee yeyote, maana kutaja kungekuwa uasi. Wakuu walitisha, na homa ikazidi. Mgeni alipokuwa amebakiza kidogo kufika, wazee watatu walifunguliwa asubuhi bila maelezo, na mchana wake wanawake walipona.

Mzee kapita alitoka amevimba miguu, anakohoa. Hakupona kikohozi hicho mpaka kifo chake. Kabla sijahamia Lokandu, mdogo wangu, ambaye bado alikuwa anatembea ameinama na mkono juu ya jeraha, alipika samaki na mchele, akaniambia nimsindikize kwa mzee. Lilikuwa jambo la kwanza alilolitaka tangu misioni.

Tulimkuta amekaa mbele ya nyumba yake. Mdogo wangu aliweka sahani, akakaa chini. Kisha akauliza:

"Papa, ulimulaza namna gani?"

Mzee alimtazama. "Pole pole," akasema. "Chini palikuwa maji ya mvua, nikaweka kwanza majani ya ndizi. Yeye nikamufunika na shati yangu, sababu ilikuwa bado na joto ya mwili wangu."

"Alifanana na nani?"

"Na wewe. Hapa, ku kipaji cha uso."

Mdogo wangu alishika kipaji chake. Machozi yalimtoka bila sauti, na mzee hakumwambia anyamaze. Mkewe alileta maji ya kunawa. Mdogo wangu ndiye aliyeyapokea, akammiminia mzee mikononi, akasogeza sahani karibu yake.

"Kula, papa," akamwambia. "Itapoa."